Polisi anatafuta mtu, forodha anatafuta mzigo

*Katika mpaka wa Kibondo, Kasulu na Burundi, magendo na silaha hupita njia moja. Wanaozifukuza hutoka ofisi mbili, nchi mbili, na kila mmoja ana daftari lake.*

Na Mwandishi Wetu

KIBONDO. Dumu la njano la lita 20 ni chombo cha kila nyumba Kibondo. Hubeba maji, mawese, hata pombe ya ndizi. Lakini madumu hayo yakifungwa mawili au matatu nyuma ya bodaboda saa ya magharibi, katika barabara inayoelekea Mabamba, watu hawaulizi yamebeba nini. Wanajua ni petroli, na wanajua inakwenda Burundi.

Hesabu yake haihitaji shule. Upande wa Tanzania mafuta yapo kituoni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi. Upande wa pili, miaka ya karibuni Burundi imepita katika uhaba ambao umewafanya madereva kulaza magari foleni kwa siku kadhaa. Lita iliyonunuliwa Kibondo mjini ikishavuka, bei yake huipanga aliyeibeba.

Sasa tuseme pikipiki hiyo imesimamishwa. Askari polisi anaangalia nini? Mwenye madumu ana risiti ya kituo cha mafuta, hana bunduki, hatafutwi na mahakama yoyote. Mafuta yamenunuliwa, hayakuibwa. Kwa askari, huyu ni raia mwenye mzigo wa hatari, wa kuonywa au kupelekwa kituoni kwa kosa la barabarani.

Afisa forodha akiwepo, ataona kingine: bidhaa inayotolewa nchini bila kutamkwa, kupitia mahali pasiporuhusiwa. Kwake hilo ni kosa kamili, na sheria inaruhusu mzigo na hata pikipiki yenyewe kutaifishwa. Lakini afisa forodha yuko kituoni, na bodaboda haipiti kituoni.

Petroli si uhalifu mkubwa wa mpaka huu, na mtu anayetaka kuwafunga vijana wote wa madumu atajaza gereza bila kumgusa mwenye biashara. Nimeanza nayo kwa sababu inaonyesha pengo lilipo. Njia inayopitisha dumu ndiyo inayoweza kupitisha bunduki, pembe au binadamu. Anayejua doria inalala wapi usiku wa leo ana kitu cha kumuuzia yeyote.

Mpaka usiosikika

Kutoka Kakonko kaskazini hadi Buhigwe, nyanda za juu za Kigoma zimepakana na Burundi kwa vilima, mashamba ya migomba na mito. Sehemu ya mpaka ni mto Malagarasi wenyewe, na wakati wa kiangazi zipo sehemu nyembamba ambazo mtu huvuka na baiskeli yake begani.

Vituo rasmi vipo. Kibondo ina Mabamba, inayotazamana na Gisuru ya Burundi. Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, ina Manyovu, inayotazamana na Mugina. Kakonko ina Muhange na soko lake. Kasulu yenyewe inafika mpakani kwenye kata kama Kitanga na Heru Ushingo. Kati ya kituo na kituo kuna kilomita nyingi ambazo serikali yake ni mwenyekiti wa kitongoji na mgambo wachache.

Tena watu ni walewale. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kiasi kwamba mzee wa Kibondo na mzee wa Ruyigi, Burundi, hukaa kwenye kilabu kimoja bila mkalimani. Wameoana, wamezikana. Msimu wa kulima ukifika, vijana wa Kirundi huvuka kutafuta vibarua katika mashamba ya maharage na mahindi ya Kasulu. Askari aliyehamishiwa hapa kutoka Lindi au Tanga hawezi kumtambua mgeni kwa sura wala kwa lugha. Anayeweza ni jirani, na jirani hasemi kila kitu.

Kwa hiyo usalama wa mpaka umeendeshwa kwa kitu ambacho viongozi wa pande zote hukiita ujirani mwema. Ni vikao ambamo mkuu wa mkoa wa Kigoma na wakuu wa wilaya zake hukutana na magavana wa Burundi, pamoja na polisi, uhamiaji, forodha na wanajeshi wa kila upande. Huzungumzwa ng'ombe walioibwa, watu waliokamatwa, masoko yafunguliwe siku gani. Vikao hivyo vimesaidia, lakini asili yake ni heshima kati ya wakubwa. Mkubwa akihamishwa, heshima huanza upya.

> *Askari aliyehamishiwa hapa kutoka Lindi au Tanga hawezi kumtambua mgeni kwa sura wala kwa lugha.*

Nchi isiyo na tembo iliyouza pembe

Anayetaka kujua gharama ya polisi na forodha kutosemezana asianze na petroli. Aanze na pembe za ndovu, miaka ya 1980.

Mashariki na kusini mwa Kibondo limetanda pori la akiba la Moyowosi, pamoja na Kigosi, lenye maji, mabwawa na, zamani hizo, tembo wa kutosha. Magharibi yake, safari ya lori tu, iko Burundi. Burundi haikuwa na tembo wa porini wa kuhesabika. Hata hivyo katika muongo ule ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa pembe duniani.

Pembe zilitoka Tanzania, Zaire na Zambia. Zikiwa upande wetu zilikuwa nyara za ujangili, na aliyekamatwa nazo alikwenda jela. Zikishavuka zilikuwa bidhaa. Burundi wakati huo haikuwa imejiunga na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mfanyabiashara alitamka mzigo wake, akalipa kilichotakiwa, akapata karatasi, na kutoka Bujumbura shehena ikapanda ndege kuelekea masoko ya nje. Karatasi ile haikusema tembo alifia wapi.

Mwaka 1986 CITES iliruhusu nchi kuandikisha akiba za pembe zilizokuwa nazo ili biashara ianze upya kwa utaratibu. Burundi iliandikisha takriban tani 90. Kwa hatua moja ya kiofisi, lundo lililokusanywa kwa magendo likawa mali halali, na thamani yake ikapanda. Sijui mfano mwingine katika ukanda huu unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi muhuri unavyofanya kazi ambayo bunduki haiwezi.

Polisi wa Kibondo wangefanya nini? Walichokuwa nacho ni nyayo na mizoga. Ushahidi wa biashara, yaani nani kaleta, nani kalipa, nani kapokea, ulikuwa kwenye mafaili ya forodha ya nchi nyingine, na hapakuwa na mlango wa kuyaombea. Forodha wa Bujumbura nao hawakuwa na sababu ya kuuliza. Mzigo ulikuwa umetamkwa na ada imelipwa.

Burundi ilijiunga na CITES mwaka 1988. Mwaka uliofuata Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kudai biashara ya pembe ipigwe marufuku, na Oktoba 1989, mjini Lausanne, Uswisi, marufuku hiyo ikapitishwa. Nyumbani, Operesheni Uhai ya 1989 hadi 1990 iliwaweka askari wa JWTZ, polisi na wanyamapori katika kikosi kimoja. Ujangili ulishuka kwa miaka mingi. Mwaka 1994 ukasainiwa Mkataba wa Lusaka, uliounda kikosi cha pamoja cha nchi za Afrika dhidi ya biashara haramu ya wanyamapori. Tanzania imo. Burundi haimo.

Baadaye somo lilisahaulika. Kati ya mwaka 2009 na 2014 hesabu ya tembo wa Tanzania iliporomoka kutoka 109,051 hadi 43,330. Safari hii serikali ilijibu kwa kikosi kazi cha kitaifa kilichochanganya vyombo kadhaa na kufuata fedha na simu, si nyayo peke yake. Oktoba 2015 kilimkamata Boniface Matthew Malyango, aliyejulikana kwa jina la Shetani Hana Huruma na aliyedaiwa kuendesha mitandao ya ujangili ndani ya Tanzania na nchi jirani, Burundi ikiwamo. Mwezi huohuo alifikishwa mahakamani Yang Fenglan, raia wa China, ambaye Februari 2019 alihukumiwa miaka 15. Wakubwa hao walifikiwa baada ya vyombo vya nchi moja kukubali kukaa chumba kimoja. Baina ya nchi mbili, chumba hicho bado hakijajengwa.

Bunduki zilizobaki njiani

Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi. Vita iliyofuata ilimimina mamia ya maelfu ya watu Kigoma. Majina ya kambi yakawa majina ya kila siku: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago, Mtabila, Muyovosi. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ipo Kasulu hadi leo. Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na mahali pake pana kambi ya JKT.

Waliokimbia walikuja na magodoro na watoto. Wachache walikuja na SMG. Vita ilipopoa, bunduki haikupoa, kwani ni mali inayouzika na kukodishwa. Kwa miaka mingi abiria wa Kigoma, Kasulu na Kibondo waliokuwa wakielekea Nyakanazi walijua utaratibu: mabasi yanakusanyika, askari wenye silaha wanapanda au gari lao linatangulia, ndipo msafara unaingia porini. Watoto waliozaliwa wakati huo walikua wakidhani kila basi duniani husindikizwa.

Hapa serikali ilitumia mkono mzito. Septemba 2013 ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kwa amri ya Rais Jakaya Kikwete, kuwaondoa majambazi, silaha na wahamiaji wasio na vibali. Silaha zilikamatwa na barabara zikapumua. Lakini pia watu waliokaa Tanzania miongo, wenye wake na watoto wa hapa, walijikuta ng'ambo. Lilikuwa fagio la upande mmoja: Tanzania ilisukuma, na nchi jirani zikapokea watu bila kupokea jalada lolote linalosema nani kati yao ni jambazi na nani ni mkulima.

Kulikuwa na njia nyingine mezani. Tamko la Nairobi la mwaka 2000 na Itifaki ya Nairobi ya 2004 zilizitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuziwekea alama silaha za serikali, kutunza kumbukumbu zake na kusaidiana kuzifuatilia. Chombo cha kusimamia kazi hiyo, RECSA, kilianzishwa mwaka 2005, makao yake Nairobi. Umuhimu wa alama ni huu: bunduki ikikamatwa Kasulu, namba yake iseme ilitoka ghala gani, ili swali lirudi kwa mwenye ghala. Bila alama, bunduki ni chuma tu, na kesi huishia kwa kijana aliyeishika.

Pia kuna msamaha. Umoja wa Afrika umeitenga Septemba ya kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na Tanzania imewahi kuuitikia, kama ilivyofanya mwaka 2022. Magobole huletwa. SMG ni nadra zaidi, maana mwenye SMG ana mteja.

Sheria ipo, simu ndiyo inayofanya kazi

Asiwepo wa kusema hakuna sheria. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 124 kubadilishana taarifa za uhalifu, kufanya doria za pamoja, kuwa na mawasiliano ya pamoja ya mpakani, na hata kumfukuzia mhalifu ng'ambo ya mpaka. Burundi iliingia katika Jumuiya Julai 2007.

Polisi wana EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki ulioanzishwa mwaka 1998, ambao sekretarieti yake iko katika ofisi ya kanda ya Interpol, Nairobi. Tangu mwaka 2013 umeendesha pamoja na wenzao wa kusini operesheni za siku chache ziitwazo Usalama, zinazogusa nchi nyingi kwa wakati mmoja: magari ya wizi, dawa za kulevya, usafirishaji haramu wa binadamu, silaha. Forodha nao wana Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulioanza Januari 2005, na sheria moja ya usimamizi wa forodha ya mwaka 2004 inayotumika Kibondo kama inavyotumika Gisuru.

Sheria hiyo ina kifungu kinachosahaulika. Kifungu cha 7 kinampa afisa forodha, anapotekeleza kazi yake, mamlaka, haki na kinga zote za askari polisi. Kwa karatasi, afisa mmoja pale Mabamba anaweza kumtafuta mtu na mzigo kwa mkono mmoja.

Kwa vitendo hilo halitokei, na sababu si uvivu. Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi Julai 1996, hupimwa kwa makusanyo. Kituo kidogo cha mpakani kinachokusanya kidogo hupata watu wachache. Afisa mmoja au wawili hawatoki usiku kwenda kulinda mto. Polisi hupimwa kwa matukio: mauaji yamepungua, mabasi hayatekwi. Mzigo wa vitenge uliopita bila ushuru hauingii katika ripoti ya kamanda wa polisi, na bunduki iliyopita ndani ya mzigo wa vitenge haiingii katika ripoti ya forodha. Mtandao unakaa hapo katikati.

> *Mzigo wa vitenge hauingii katika ripoti ya kamanda, na bunduki iliyomo ndani yake haiingii katika ripoti ya forodha.*

Ongeza mpaka wenyewe. Tuseme mtuhumiwa wa Kasulu amekimbilia Makamba, Burundi. Njia halali inapanda: wilaya, mkoa, makao makuu, kisha ofisi ya Interpol, Bujumbura, ndipo ishuke mkoani upande wa pili. Kama ni kumrudisha, kuna Sheria ya Kubadilishana Wahalifu ya mwaka 1965. Kama ni ushahidi, kuna Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai ya mwaka 1991. Zote ni sheria nzuri, na zote hudai mihuri ya watu walio mbali sana na Kasulu.

Njia fupi ni simu. Afisa anampigia mwenzake anayemfahamu kutoka kikao cha ujirani mwema, anatuma picha kwa WhatsApp, na kufika alasiri mtu ameshikwa. Uhalifu unakwenda kwa kasi, na polisi anayesubiri barua anasubiri bure. Ila alichopata kwa simu hakisimami mahakamani. Hakuna anayeweza kueleza picha ilitoka wapi, nani aliichukua, kwa idhini ipi. Kesi hufunguliwa kwa shangwe na kufa kwa kukosa vielelezo.

Ubaya mkubwa zaidi wa simu uko kwingine.

Ushirikiano uliokosa karatasi

Mwaka 2015 Pierre Nkurunziza aligombea muhula wa tatu, Burundi ikatikisika, na Kigoma ikapokea wimbi jingine. Nduta ilifunguliwa upya, kisha Mtendeli. Serikali ya Tanzania haikuchoka kusema kwamba kambi hutumika kuficha silaha na wahalifu. Kuanzia mwaka 2018 masoko ya pamoja, ambako wakimbizi na wenyeji waliuziana, yalifungwa. Agosti 2019 mawaziri wa mambo ya ndani wa nchi mbili walikubaliana wakimbizi waanze kurejeshwa Oktoba, watu 2,000 kwa wiki. Shirika la wakimbizi la UNHCR lilisema wakati huo kwamba hali ya Burundi haikuwa imefikia mahali pa kuwahimiza watu warudi.

Novemba 30, 2020, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ikisema polisi na maofisa wa usalama wa Tanzania waliwapoteza, kuwatesa na kuwashikilia kinyume cha sheria wakimbizi wasiopungua 11 wa Burundi mkoani Kigoma tangu mwishoni mwa 2019, na kwamba wanane kati yao walikabidhiwa Burundi, ambako waliwekwa mahabusu.

Serikali mbili zinaweza kubishana na ripoti, lakini haziwezi kuonyesha kile ambacho makabidhiano ya kisheria huacha nyuma: ombi lililosainiwa, shtaka, hakimu aliyemsikiliza mtu huyo kabla hajapelekwa ng'ambo. Sheria ya 1965 inadai hayo. Katiba ya Interpol, ibara ya 3, inalikataza shirika hilo kujiingiza katika mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya rangi. Sheria ya wakimbizi inakataza kumrudisha mtu mahali ambako maisha yake yako hatarini.

Hapo ndipo pande mbili zinapogongana. Maofisa wa usalama husema, na wana hoja, kwamba jambazi hujificha vizuri zaidi ndani ya umati wa watu wasio na hatia, na kwamba nchi iliyobeba kambi kwa miongo imebeba na gharama zake. Watetezi wa wakimbizi hujibu kwamba neno mhalifu, likitamkwa na serikali ambayo mtu ameikimbia, lina maana mbili, na askari wa Kibondo hana namna ya kujua anakabidhiwa ipi.

Mwandishi huyu anasimama hapa: hoja zote mbili zinataka kitu kilekile, nacho ni karatasi. Bila jalada, mwizi wa bunduki anaachiwa na mkimbizi asiye na kosa anakabidhiwa. Kwa jalada, wote wawili wanaweza kutofautishwa. Wanaodhani utaratibu unachelewesha mapambano na uhalifu watazame kesi ngapi za mpakani zimefika mwisho kwa njia ya mkato.

Mama wa maharage si mtandao

Tusiwasahau wanaovuka mchana.

Sheria za Jumuiya zinamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Kibondo mwenye magunia mawili ya maharage hana ushuru wa kukwepa. Kwa nini basi apite njia ya panya?

Kwa sababu kituo kiko mbali na shamba lake. Kwa sababu maharage yanataka na vibali vingine, na kila kibali kina dirisha lake. Kwa sababu faranga ya Burundi ina bei mbili: mwaka 2024 dola mtaani iliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki, na anayevuka rasmi huulizwa maswali ya fedha ambayo anayevuka kwa mtumbwi haulizwi. Na kwa sababu amezoea.

Akishaingia njia ya panya anakuwa kivuli cha wengine. Mtandao unamhitaji. Mahali ambapo watu mia hupita kila siku na mizigo ya kichwani, mmoja mwenye bunduki ndani ya gunia haonekani. Kila mama anayerudishwa kwenye njia rasmi anapunguza kichaka. Kwa hiyo cheti kile rahisi, kinachoonekana kuwa jambo la biashara tu, ni kazi ya polisi pia, na ningependa siku moja kumsikia kamanda wa polisi akikizungumzia kwenye redio ya Kigoma.

Lami inakuja

Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260.6, imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2018 pamoja na kipande cha upande wa Burundi kinachoelekea Bujumbura. Reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati nayo imeanza safari yake ya ujenzi. Wakazi wanaosubiri lami tangu uhuru wana haki ya kuishangilia.

Lami haichagui abiria. Lori lililokuwa likitumia siku nzima kutoka Kibondo hadi Manyovu kwa matope sasa linatumia saa chache. Vizuizi vilivyowekwa kwa kasi ya vumbi havitoshi. Manyovu na Mugina zinakusudiwa kuhudumiwa kwa mtindo wa kituo kimoja cha pamoja, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja na msafiri hukaguliwa mara moja. Ni hatua ya maana. Mabamba, Muhange na Kitanga hazina kituo cha namna hiyo, na mzigo unaokwepa macho ya Manyovu utajua pa kwenda.

Kinachoweza kufanyika huko hakihitaji jengo. Daftari moja la matukio, la polisi, forodha na uhamiaji, linalojazwa na wote watatu. Mtu mmoja wilayani mwenye idhini ya maandishi ya kuwasiliana na ng'ambo, ili simu yake iwe na namba ya kumbukumbu. Mwendesha mashtaka anayeulizwa kabla mtuhumiwa hajavushwa, si baada.

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Simon Sirro kuwa mkuu wa mkoa wa Kigoma. Sirro alikuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi kuanzia 2017 hadi 2022, kwa hiyo EAPCCO na Interpol si majina mageni kwake.

Upande wa pili, majirani wenyewe wamebadilika. Mwaka huohuo Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi mitano. Ruyigi na Cankuzo, zilizokuwa zikikaa na Kibondo kwenye vikao vya ujirani mwema, sasa zimo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Makamba na Rutana zimo ndani ya Burunga. Magavana waliokuwa wakipokea simu za Kigoma hawapo kazini, na mipaka ya maofisa walio chini yao imechorwa upya. Yaliyokubaliwa kwa maandishi na mikoa ile ya zamani yanaweza kurithiwa. Yaliyokubaliwa kwa simu, wakuu wapya wa Buhumuza na Burunga hawana pa kuyasoma.